Ndara za Dada Roda

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Jidda, mtaa wa Rawdha, nilikuwa na kazi ya siri niliyoifanya kwa bidii kuliko hesabu za shule: kutenganisha ndara za Dada Roda.

Bibi yangu, aliyehamia kwetu kutoka Mombasa na mambo yake yote ya kizamani, alinieleza kwamba kiatu kikimpanda mwenzake, mwenye kiatu ana safari. Nilimwamini kabisa. Basi siku nilipoziona ndara zile za bluu mlangoni mwa jikoni, moja imelala juu ya nyingine, roho iliniruka. Dada Roda alikuwa mfanyakazi wetu, mtu wa Kakamega, na ndiye aliyenisuka nywele na kunifichia mahamri. Aende wapi? Nikazitenganisha. Kesho yake nikazikuta zimepandana tena. Mwezi mzima tulishindana hivyo, mimi na bahati yake, na sitaficha, niliufurahia mchezo ule mno. Miaka saba tu, nami nimeishika safari ya mtu mzima mkononi!

Asubuhi moja ya Ijumaa akanifuma.

"Kumbe ni wewe, Salma! Nami nashangaa hizi ndara zinatembea zenyewe."

"Zilipandana, Dada. Ungesafiri."

"Najua. Ni mimi huzipandanisha."

Akachuchumaa, akanieleza. Mkataba wake wa miaka miwili ulikuwa umekwisha tangu mwaka uliopita. Baba ndiye aliyekuwa kafili wake, mwajiri aliyemdhamini kisheria, na bila kibali cha baba asingeweza kutoka nchini. Alikuwa amemwomba mara nne. Baada ya Ramadhani, aliambiwa. Kisha baada ya Hija. Kisha madam, yaani mama yangu, akijifungua.

"Na nyumbani niko na mtoto kama wewe," alisema. "Siku hizi anamwita anti yake mama. Mimi ananisalimia tu."

Nililia. Halafu, kama watoto walivyo, nikapata wazo na machozi yakakauka papo hapo. Baba aliporudi kutoka msikitini, nilikuwa nimeshazipandanisha ndara mlangoni mwa chumba cha kulia, pasipopitika bila kuziona.

"Bibi! Bibi! Njoo uone!"

Bibi akaja na bakora yake. "Za nani hizi?"

"Za Dada Roda! Kila siku zinapandana!"

Sikusema uongo, ila sikusema yote.

Bibi akamgeukia baba. "Mwanangu, huyu ana safari nawe umemzuia?"

"Mama, ni viatu tu."

"Safari ikizuiwa haifi. Hutafuta mtu mwingine humu humu ndani. Wanao hao. Mimi huyu."

Baba akacheka. Kisha akamtazama mdogo wangu mchanga, na kicheko kikamwishia. Msomi mzima, mwenye shahada mbili!

Alasiri ile aliketi mbele ya kompyuta, nami nyuma ya kiti narukaruka. Kahawa yake haikuwahi kupoa. Kibali kilikuwa kimeshatoka.

"Halas, Roda," alisema. "Fungasha."

Dada Roda alipiga kigelegele kilichowatoa majirani madirishani. Akaninyanyua, akanizungusha jikoni mpaka nikaona kizunguzungu. Wiki ile ile akaondoka, na mimi niliyemtoa nikalia siku tatu.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kwa majigambo. Bibi naye alikwenda kaburini akiamini kwamba maneno ya wazee hayaanguki chini, na sikuwa na moyo wa kumharibia. Lakini nimekuwa mtu mzima, nina mfanyakazi wangu, na siku hizi nikikisimulia sauti hunishuka. Baba yangu hakuwa mtu mbaya. Nampenda hadi leo. Ila alichoogopa ni viatu, na mwanamke aliyempikia kila siku alikuwa amemwambia kwa mdomo wake, mara nne, kwamba ana mtoto.