Shule ya "international" Muleba iliyomtaka mtoto aliyebanwa kifua aombe dawa kwa sentensi kamili

Mluzi mwembamba, wa kuja na kukatika, kama wa birika linalokaribia kuchemka. Ndivyo ilivyoanza.

Wakuu, heshima kwenu. Nitaeleza niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe tu. Nitakapokisia, nitasema nakisia. Shule siitaji, na majina ya watu nimeyabadili.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, mzaliwa wa Bakoba, mjini Bukoba. Utafiti wangu unahusu ufundishaji wa lugha kwa watoto, na ulinipeleka kukaa nyuma ya darasa katika shule moja ya "international" huko Muleba. Ilianzishwa kwa ajili ya familia za wageni wanaofanya kazi kwenye miradi. Wageni wenyewe ni wachache, kwa hiyo madawati yaliyobaki yamejazwa watoto wetu, ambao wazazi wao wanalipia heshima ya kukaa karibu na Mzungu.

Shule ile ina afternoon tea. Ndizi zetu zikifika mezani zinaitwa "plantain stew". Mtoto akikutwa na senene, wale panzi wetu wa kuliwa, anapelekwa kunawa mikono kama aliyeshika panya.

Mkuu wa shule, tumwite Madam, ni mzaliwa wa Kashozi, Mhaya kama mimi. Ukimsalimia kwa Kihaya anageuka kutazama nyuma, kana kwamba umemsalimia mtu mwingine.

Fahari yao kuu ni kanuni ya full sentence. Mtoto hapewi kitu mpaka akiombe kwa Kiingereza, kwa sentensi iliyokamilika. Maji, penseli, ruhusa ya kwenda chooni. Nimeshuhudia mtoto wa chekechea akijikojolea katikati ya "May I". Na mimi, kwa uungwana wa kitaaluma, nilikuwa naandaa sura nzima ya kuijadili kanuni hiyo kwa upole!

Siku ya mluzi ule wafadhili walikuja kutazama darasa, Madam akiwaongoza. Nikasikia mluzi. Nilidhani kuna mtoto kaficha filimbi. Kisha nikamwona Kemi, wa miaka saba, mabega yakipanda na kushuka. Mluzi ulikuwa unatoka kifuani mwake.

Kemi ana pumu. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa ndani ya kabati la darasa, na funguo zilining'inia shingoni mwa Madam.

Alimwendea. "Madam... dawa."

"Full sentence, Kemi."

"May... may..."

"We are waiting, darling."

Wafadhili wakatabasamu. Nakisia walidhani ni sehemu ya maonyesho.

Ndipo akasimama Lotte, binti wa Kizungu anayekaa dawati moja na Kemi. Kiswahili amekiokota kwa majirani.

"Madam, hawezi kuongea! Kifua kimembana, mpe dawa yake!"

"English, Lotte!"

"Mawe!" akang'aka, kama Mhaya anayemwita mama yake. "Si nimesema hawezi?"

Tafakarini, wakuu. Mtoto ambaye shule ilijengwa kwa ajili yake ndiye aliyekuwa anakaripiwa kwa kusema lugha yetu, na anayemkaripia ni dada yetu wa Kashozi.

Nikainuka. Nikamwambia Madam kwa Kihaya, kwa sauti ya mama yangu anapofukuza mbuzi kwenye migomba ya kibanja: lete funguo. Ajabu ni kwamba alielewa mara moja.

Kemi alivuta dawa, pumzi ikarudi polepole. Wafadhili walipoondoka, Madam aliirudisha dawa kabatini, akafunga, akanivuta pembeni.

"Wewe ni msomi, mdogo wangu. Haya ni mambo ya ndani. Kibali chako cha kumalizia utafiti kipo mezani kwangu, usinifanye nisite."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akizungumza Kiswahili. Kumbe kwa vitisho kinafaa.

"Mama yake atajulishwa?"

"Ataambiwa mtoto alichangamka kupita kiasi."

Kemi analala bweni. Nikiondoka, getini alinishika mkono, akanitajia namba ya mama yake kwa kichwa, kwa Kiswahili, akichungulia nyuma kila baada ya tarakimu.

Nilikaa kwenye hoteli moja ya chai, nikisubiri gari la Bukoba, nikawaza kama kawaida yangu. Maadili ya utafiti. Usiri. Msimamizi wangu atasemaje? Je, mimi ni mtafiti au ni shahidi? Kisha nikawaza jambo dogo zaidi: mluzi ule ukirudi usiku, Kemi atamtungia nani sentensi, ilhali funguo zimekwenda nyumbani na Madam? Chai ikanishinda.

Wazazi, kabla ya kusifia Kiingereza cha mwanenu, ulizeni dawa yake inakaa wapi na anaipataje asipoweza kusema. Wenye watoto katika shule za namna hii, nielezeni mliyoyakuta. Na mnaosema nimeuchoma utafiti wangu kwa mikono yangu, andikeni pia, nitasoma.

Lakini someni kwanza simu yenyewe.

Mama Kemi ni mkulima wa kahawa, Nshambya. Nilisema tu kwamba napiga kuhusu shule ya Kemi. Nikasikia akikohoa kuweka sauti sawa.

"Good evening, Madam. I am the mother of Kemi. I am... I am very..."

Alikuwa anaitafuta sentensi.

"Mama Kemi," nikamkatiza kwa Kihaya, "mimi si Madam. Sema unavyosema nyumbani."

Akashusha pumzi.

"Omwana?" Mtoto je?

Nikamweleza. Hakunisubiri nimalize.

"Usikate simu," akasema, na tayari nilimsikia akimpigia kelele bodaboda asimame.