Nyumba ya Kaka Othieno kule Iyolwa

Niliondoka Busia, upande wa Kenya, Jumatatu, mwaka wa pili wa uhuru wa Uganda, nikiacha cherehani barazani na suruali tatu za watu hazijapindwa. Dada yetu Akoth alikuwa amevuka mpaka asubuhi hiyo kuniita. Alisema kaka yetu mkubwa, Othieno, amerudi kutoka Jinja na kifua kibovu, na anataka kujengewa nyumba upesi. Miaka yote ya kazi alipanga vyumba vya mjini. Nyumbani hakuwa na hata kibanda. Kwetu, mwanamume mwenye watoto kufia chini ya paa la mama yake ni aibu kubwa, na hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi.

Saa nne tulipanda basi hadi Tororo, kisha tukashika njia ya Iyolwa kwa miguu. Akoth alinicheka kwa viatu vyangu vya mjini, nami nikacheka. Sikujua nakwenda kuona mifupa mitupu.

Jioni nilimkuta Othieno mkekani, mlangoni kwa mama.

"Umekuja, mdogo wangu? Basi kata miti."

Jumanne tulianza. Kwa desturi mwenye nyumba husimamisha nguzo ya kwanza mwenyewe, kwa hiyo tulimshika kiunoni akaisimamisha. Baba Mdogo, ndugu wa marehemu baba, aliongoza kazi. Tulifunga fito, tukaezeka nyasi, huku wanawake wakichota maji na kukanyaga udongo. Kila mara Othieno aliuliza kumebaki nini, mpaka mama akamwambia anyamaze apumue.

Ijumaa saa kumi tulimaliza kukandika. Othieno akajiinua kwa kiwiko.

"Sasa nakwenda kulala kwangu."

"Kaka, ukuta bado iko maji," nikamwambia. "Hiyo baridi itakuua. Ngoja Jumapili."

"Leo, mdogo wangu."

"Jumapili, Kaka. Nyumba haikimbii."

Baba Mdogo alinitazama, kisha akainama kuosha udongo mikononi. Othieno aliutazama mlango wake, akajilaza tena.

"Haya. Wewe ndiyo fundi," akasema, na mimi ni fundi wa nguo tu.

Jumamosi alfajiri nilisikia mama akilia. Othieno alikuwa amekata roho mle mle ndani mwa mama, kitandani pake, mahali alipopaogopa. Mchana tulimbeba tukamlaza katika nyumba mpya. Kuta zilikuwa bado mbichi, na alama za vidole vyetu zilionekana wazi. Hakuna aliyenilaumu, na hilo liliniumiza zaidi.

Jumatano nilirudi Busia, nikapinda zile suruali. Wateja walinipa pole, wakasema angalau tuliwahi kumjengea. Niliitikia, lakini hatukuwahi. Nimejifunza kwamba nyumba ya mgonjwa imekwisha saa ile anapotaka kuingia, hata kama ukuta unachuruzika maji. Kaka yangu aliingia kwake amebebwa, na aliyemzuia kuingia kwa miguu yake ni mimi.