Ndama wa Jirani

Harufu ya ndama aliyelowa mvua hunirudisha kwa baba. Gari lake la ng'ombe lilimvunja mguu ndama wa jirani yetu, mzee mmoja mkali. Kesi ikifika bomani kwa Wajerumani, ni viboko ishirini na tano. Baba akang'oa majani mabichi, akamnyooshea mzee kuomba amani.

Mzee akayapokea. "Basi utambeba ndama mpaka mtoni akanywe, hadi apone."

Masika yote alimbeba kila asubuhi, akarudi mgongo umelowa mkojo wa ndama. Siku moja, nikimkanda miguu, nilimwuliza, "Baba, si bora viboko? Vingekuwa vimeshakwisha."



"Vingekwisha, mwanangu. Halafu huyo mzee ningemwamkiaje?"