Mwenye Mzigo Hageuzi Shingo

Mchana nilikuwa karani wa kupima maharage kwenye ghala moja katika mji mdogo wa Mpemba, na jioni nilisoma animesheni kwa mtandao. Zoezi moja lilitaka tuchore mtu anayetembea, kisha anaitwa kwa nyuma. Nilimchora mama mwenye beseni la maharage kichwani, nikamfanya ageuke mwili mzima.

Mwalimu aliicheka kazi yangu mbele ya darasa. "Huyu amekauka kama gogo," alisema. "Mtu akiitwa, shingo hutangulia."

"Mwenye mzigo kichwani hageuzi shingo, mwalimu," nilimjibu.

"Fuata kanuni, dada. Karekebishe."

Kesho yake ghalani nilimsimulia mama mmoja aliyetuletea maharage kutoka Ileje. Akauliza, "Kwani huyo mwalimu wako hajawahi kujitwisha kitu?"

Akajitwisha beseni, akakubali nimrekodi kwa simu. Nilimwita kwa nyuma, naye akageuka kuanzia miguuni, beseni limetulia.

Nilimtumia mwalimu ile video. Aliandika tu kwamba kazi isiyorekebishwa haitapita. Niliituma vilevile ilivyokuwa, akanifelisha zoezi lile. Hasira haijaniisha. Angesema hajui, ningemfundisha.