Lenzi Iliyongoja Eda

Juu ya nyumba yetu katika Mji wa Kale palikuwa na sakafu wazi ya kuanikia nguo, na hapo ndipo ilipokaa sehemu kubwa ya utafiti wangu. Vilikuwa vipande vya plastiki angavu, kila kimoja ukubwa wa kiganja, nimevitoboa pembeni na kuvitundika kwenye kamba kwa waya mwembamba. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na mimi nilikuwa msaidizi wa utafiti katika maabara ya kemia ya chuo kimoja kisiwani. Tulitaka kujua plastiki ya aina ile, iitwayo akriliki, inastahimili vipi jua na chumvi ya pwani: itafifia lini, itageuka manjano lini, itaingia nyufa lini. Sakafu ya nyumbani ilikuwa na jua na chumvi kuliko chuo kizima. Kila baada ya muda nilishusha kipande, nikakipeleka maabara na kupima mwanga unaopenya.

"Mke mwenzangu!" nyanya alikuwa akiniita kutoka chumbani kwake. "Huyo papa wako hajakauka tu?"

Nyanya alikuwa mama wa baba yangu. Aliniita mke mwenza kwa utani wa nyanya na mjukuu, kwa kuwa babu alinidekeza waziwazi na kunibakishia kipande cha mkate wa mofa kila asubuhi. Vile vipande vya plastiki hakuwahi kuviona. Alisikia tu vikigongana kwenye upepo, na mtu alipomwambia nimevianika kwenye kamba, akaamua ni papa, samaki wa kukaushwa juani.

Jicho lake la kushoto lilikufa utotoni kwa surua. La kulia lilikuwa limezibwa na mtoto wa jicho, utando mzito mweupe, hata akawa anaweza kutofautisha dirisha na ukuta, na kivuli cha mtu na kivuli cha kabati, basi. "Nimezaa uzeeni," aliwaambia wageni, "na mtoto mwenyewe hataki kutoka." Hata hivyo hakuna mwanamke mtaani aliyetembea kuliko yeye. Palipo na arusi alikuwapo, palipo na mgonjwa alikuwapo, na tanga halikukaliwa bila yeye. Babu ndiye aliyemshusha ngazi. Ngazi za nyumba ile zilikuwa za mbao, zimesimama wima na hazilingani. Babu alitangulia, nyanya akamshika bega, na njia nzima ukasikia sauti ya babu: "Hii fupi. Hii ndefu. Hapa pana msumari." Kutoka nje ndiko kulikokuwa uhai wake. Alisema mwenyewe kwamba siku atakayoshindwa kushuka zile ngazi, tumhesabu miongoni mwa fanicha.

Kwa hiyo nilipompeleka kwa daktari wa macho, mtaa wa Ganjoni, sikuwa na shida ya kumshawishi. Daktari alikuwa mtu wa bara, mpole, anayezungumza polepole kama anayechagua maneno sokoni. Alimmulika jicho, akalipima, kisha akanieleza kwamba zamani wagonjwa kama nyanya walitolewa lenzi iliyochafuka wakapewa miwani mizito kama kitako cha chupa. Sasa waliweza kutia lenzi nyingine ndani ya jicho lenyewe, ndogo kuliko ukucha wa mtoto, ya plastiki.

"Plastiki gani?" nikamuuliza.

Aliponitajia jina lake la kikemia, nikacheka kwa sauti. Daktari alidhani nimeshikwa na hofu, akanisogezea kiti. Ilikuwa ile ile ya kwangu, iliyosafishwa na kuchongwa kwa ustadi ambao maabara yetu haikuwa nao, lakini ndiyo ile ile.

Jioni hiyo tulikaa chumbani kwa nyanya, yeye, babu, shangazi yangu na mimi. Nyanya alikuwa akitunga maua ya asumini kwa ajili ya bibi arusi wa jirani, kwani kazi hiyo vidole vyake viliijua bila macho.

"Plastiki ndani ya jito langu," akasema. "Kama ndoo."

"Si kama ndoo, nyanya. Ni ile iliyoko juu."

"Papa?"

"Ndiyo. Papa."

"La ilaha illa llah. Na huo upapa wake umetengezwa na nini?"

Nikamweleza kama nilivyoweza. Nikamwambia kuna chembe ndogo zisizoonekana, zote za namna moja, nazo zikipata joto na dawa hushikana moja baada ya nyingine, zikawa mkufu mrefu sana, kama asumini aliyoishika.

"Na uzi wake?"

"Hauna uzi. Kila ua limelishika lenziwe."

Alivuta ua moja uzini. "Na yakiachana?"

"Hayaachani. Yamekaa juani muda wote huu, wala hayajaachana."

"Mimi natawadha mara tano kwa siku, mwanamke weye. Maji yataniingia jitoni."

"Hata maji. Haiozi, haishiki kutu, haina kinachoiharibu. Utaichoka wewe kabla haijachoka yenyewe."

Babu akacheka hata akakohoa. "Basi katika nyumba hii kitu kizima kitakuwa jito lako peke yake."

"Wivu," akasema nyanya, akaendelea kutunga.

Lenzi ya kipimo chake iliagizwa, ikafika, na siku ya upasuaji ikapangwa. Wiki moja kabla ya siku hiyo, babu alirudi kutoka kuswali alasiri, akasema atajinyoosha kidogo. Maghribi ilipoadhiniwa nyanya alimwita mara mbili, kisha akaniita mimi.

Mwanamke aliyefiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi. Haendi matembezini, hajipambi, hajitii manukato. Nyanya aliingia eda katika chumba kile kile alichokaa na babu, kitanda kikasogezwa mbali na dirisha, naye akavaa nguo nyeupe zisizo nakshi. Siku za matanga zilipokwisha, nilimkumbusha shangazi habari ya daktari.

"Daktari atangoja," akasema shangazi. Yeye ndiye aliyeshika mambo yote ya nyumba tangu msiba, na alikuwa amechoka. "Na hiyo lenzi si wewe mwenyewe uliyesema haiozi?"

"Lenzi itangoja, shangazi. Jicho ndilo siwezi kulisemea."

"Lina miaka halioni. Miezi minne ni nini?"

Nilimpigia daktari simu. Alisema ni heri asikawie, lakini hakuweza kuniahidi wala kunitisha: wengine hukaa na hali ile miaka wasidhurike, wengine hapana. Nikamwomba baba amuulize imamu wa msikiti wetu. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo, jepesi kuliko nilivyotarajia. Matibabu ni haja, na mwenye eda hutoka kwa haja yake mchana akarudi nyumbani kwake kulala. Nilipanda ngazi nikiwa nimejaa ushindi, kama wakili aliyepewa hukumu nzuri.

Nyanya alinisikiliza mpaka mwisho. "Ruhusa naijua," akasema. "Nimewakalisha eda wanawake wangapi mtaa huu? Naijua kabla imamu huyo hajazaliwa."

"Basi twende."

"Ngazi n'tashuka na nani?"

"Na mimi."

Nilidhani anafikiria, kumbe alikuwa akilisikiliza jibu langu jinsi lisivyofaa. "Mtu huyo kanishika mkono ndia zote za mji huu," akasema mwishowe. "Haki yake iliyobaki kwangu ni eda hino tu. Nimkatie?" Kisha akanisaidia kwa utani, kama kawaida yake: "Na weye ni mke mwenza. Mbona hukai eda? Kaa hapo unyamaze."

Nikacheka, nikakaa. Jambo likaishia hapo. Nilikuwa nimempelekea kemia na sheria, na yeye hakuwa amezungumza lolote katika hayo mawili.

Jicho lilianza kuwa jekundu mwezi wa tatu. Machozi yalimtoka, kichwa kikamuuma, chakula kikamshinda, na asubuhi moja akatapika. Wanawake waliendelea kuja kumtazama, kwa sababu yeye aliwatazama wote walipofiwa, na kila aliyeingia aliliona lile jicho akatoka akisikitika. "Maskini, amemlilia hadi jito limeiva." Maneno hayo yalituingia vizuri. Tuliyapokea kama sifa yake na sifa ya babu, ushahidi wa namna walivyopendana. Nyumba ya msiba ina jibu lake tayari kwa jicho jekundu, na sote tulilichukua jibu hilo pasina swali.

"Punguza kilio, mama," shangazi alimwambia siku moja nikiwapo.

"Silii."

Shangazi alimfuta shavu kwa leso, akamgusisha vidole pale palipolowa. "Na haya je?"

Nyanya aliushika ule unyevunyevu, akaupikicha kati ya vidole vyake kama mtu anayepima kitambaa, asiseme neno. Nami, niliyezoea kupima mwanga unaopita ndani ya plastiki hadi sehemu ndogo kabisa, nilikwenda kuleta maji na vidonge vya maumivu.

Eda ilikuwa imekaribia kwisha. Asubuhi moja nilimpelekea chai, jua limeshajaa chumbani, mwanga umelala juu ya mikeka na juu ya mikono yake.

"Leo mbona hamujafungua dirisha?" akauliza.

Nilikwenda dirishani, lililokuwa wazi, nikaligonga mbao ili alisikie. Alielewa mlio ule unatoka wapi. Akasema kwa sauti tulivu kabisa, "Nipe buibui langu." Hakutaja ruhusa, na hakuna aliyemuuliza. Tulimshusha ngazi, shangazi nyuma na mimi mbele, mkono wake begani mwangu. Nilisahau kumwambia ipi ndefu na ipi fupi, akajikwaa mara mbili.

Daktari alimmulika kwa muda mrefu, akapima shinikizo la jicho, akaizima taa. Alitueleza kwamba mtoto wa jicho alikuwa ameiva kupita kiasi, akavuja ndani, jicho likajaa shinikizo, na shinikizo likaua mshipa unaopeleka nuru kwenye ubongo. Aliuliza kama mgonjwa alikuwa na maumivu.

"Alikuwa akilia," shangazi akajibu. "Amefiwa na mume."

"Poleni sana," daktari akasema. Akamgeukia nyanya, akamwinua kidevu. "Na jicho hili la kushoto, mama, nalo lilikuwa jekundu? Nalo lilitoa machozi?"

Nilijaribu kukumbuka shavu la kushoto, na katika miezi yote ile nilikumbuka shavu kavu. Shangazi alikuwa ameiziba midomo yake kwa ukaya wa buibui. Jicho lililopofuka huweza kulia kama lolote jingine. Nyanya alikuwa amelia kwa jicho moja mbele ya macho yetu sote, na kulia kule tukakuita huzuni.

"Niliwaambia," nyanya akasema taratibu, hakumlenga yeyote.

Niliuliza habari ya lenzi, na hata sasa sijui kwa nini. Daktari alifungua mtoto wa meza, akanionyesha: ingali ndani ya kifuko chake, safi, haina doa. Alisema anaweza kuitia leo hii, ila haitakuwa na kitu cha kuonyesha. Akampa nyanya dawa ya matone ya kushusha shinikizo na kutuliza maumivu, na akatupa pole tena mlangoni.

Nyanya alirudi akamaliza siku zake za eda zilizobaki. Siku ya kutoka eda wanawake walimwosha, wakamvisha, wakamfukizia udi, nyumba ikajaa vicheko vya kujikaza. Jioni walipoondoka alibaki juu, na siku zilizofuata pia. Nilijitolea kumshusha mara nyingi. Daima alikuwa na sababu, na hakuna iliyokuwa ngazi.

Wiki kadhaa baadaye aliniita. "Papa wako wangali juu?"

"Wangali."

"Hebu niletee mmoja."

Nilikata kipande kilichokaa muda mrefu kuliko vyote. Alikipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba ukingoni, akakigonga kwa ukucha, akakiweka shavuni. "Kumbe chepesi," akasema. "Nami nilikihofu bure." Kisha akakinyanyua, akakiweka mbele ya uso wangu kwa kukadiria, kikanikalia chini kidogo ya pua, nikainama ili macho yangu yakifikie.

"Waona?"

"Naona."

"Waona nini?"

Kilikuwa kimegeuka manjano kidogo pembeni, lakini katikati palikuwa angavu. Nikamwambia naona dirisha, na nje ya dirisha ukuta wa jirani uliopakwa chokaa upya, na mke wa jirani ameanika leso mbili, moja nyekundu. Mlangoni kwao wamesimama wanawake watatu wamejipamba, nadhani wanakwenda arusini.

"Arusi ya nani?"

"Sijui, nyanya."

"Hujui," akasema. "Mimi ningalijua."

Kipande kikashuka mapajani mwake. Wekundu ulikuwa umeondoka zamani kwa dawa ya daktari. Machozi yalianza kumtoka bila sauti, kulia na kushoto, yakateremka sawia kwenye mashavu yote mawili. Nikashika ncha ya leso yake, nikamfuta kwanza shavu la kushoto.