Walipomwomba Mdogo Wangu Siku ya Fainali

Kadi za gusaba ya mdogo wangu zilikuwa zimeshagawiwa mtaa wetu mzima wa Kimironko wenye mpira waliposogeza fainali ya kombe ikaangukia Jumamosi ileile. Gusaba ndiyo siku ya kuposa kwetu. Ukoo wa mvulana unakuja kwa ukoo wa msichana, mahema mawili yanatazamana, na msemaji wa kila upande anasimama na fimbo yake. Kazi ya msemaji wa msichana ni kukataa. Msichana huyo hatumjui, msichana huyo ameshaolewa, babu yenu alimtukana babu yetu kisimani, rudini mlikotoka. Upande wa mvulana unabembeleza na kujibu, watu wanacheka, na mwishowe anawapa. Kila mtu anajua kwamba atawapa, lakini utamu wote uko pale ambapo bado anawanyima.

Mdogo wangu hana habari na mpira. Alikuwa na ombi moja tu na alilitoa mapema: aombwe vizuri. Siku yangu mimi, baba mdogo wetu aliwakatalia wakwe hadi jua likazama, na yeye, mtoto bado, alikaa chini ya meza ya vinywaji akisikiliza kila neno. Alikua akiyarudia maneno yale jikoni kwa fimbo ya mwiko. Baba yetu hayupo, hivyo msemaji angekuwa baba mdogo yuleyule. Hakutaka ukumbi mkubwa wala keki ya ghorofa; alitaka hayo maneno.

Mimi nina habari na mpira. Nauza vitenge sokoni, ni shabiki wa timu ya Njano tangu tuliporudi kutoka Bujumbura, na simwombi mtu radhi. Wiki ile hakuna aliyenunua kitenge bila kwanza kuniambia kocha ampange nani. Fundi cherehani anayekaa mbele ya meza yangu ni wa Kijani, wapinzani wetu wa fainali. Alimshonea mteja suruali yenye mguu mmoja mrefu kuliko mwingine huku akinieleza jinsi winga wao atakavyompita beki wetu. Muuza nyanya, ambaye hajawahi kutazama mechi mpaka mwisho, aliapa kwamba kipa wa Kijani ana dawa kwenye glavu. Bwana mmoja mwenye tai, aliyekulia Uganda, alikuja kumnunulia mkewe kitambaa akaishia kuchora mpangilio wa timu kwa chaki ya fundi juu ya kitenge changu kipya. Sikumkataza, kwa sababu aliweka washambuliaji wawili, na mimi nilikuwa nikisema hivyo tangu msimu uanze. Sokoni sote tulijua kuliko kocha. Kwa nini hawakumwajiri mmoja wetu, mpaka leo sielewi.

Wakwe zetu wapya nao walikuwa wa Kijani ukoo mzima. Msemaji wao alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mpole hadi umtajie refa. Kundi la WhatsApp tulilofungua ili kupanga chakula lilisahau chakula siku ya pili. Shangazi wa bwana harusi alimwita beki wetu mlango wa choo cha shule. Nilimjibu, na sitaandika hapa nilichomjibu, maana sasa ni ndugu yangu.

Ni desturi wasemaji wawili kukutana kabla ya siku yenyewe, wakubaliane kidogo ili mmoja asimwaibishe mwenzake mbele ya watu. Hawa walikutana kwenye baa moja ya mtaa wa Gitega, mjini hapahapa. Baba mdogo aliporudi alituambia, mimi na mama, kwamba mambo yamepangika: atakataa mara moja, watajibu mara moja, tutakula, na ile skrini kubwa iliyokodiwa kuonyesha picha za utoto za maharusi itaonyesha kitu cha maana zaidi. Mama aliuliza kama bibi harusi amekubali. Baba mdogo akasema bibi harusi ataolewa kwa vyovyote vile, ila kombe ndilo halina uhakika. Nilicheka sana, nikamwongezea chai. Bibi harusi hakuambiwa na mtu.

Jumamosi wanaume walikuja na vitambaa vyeupe vilivyofungwa begani, na chini ya kila kitambaa ukosi wa njano au wa kijani ulikuwa ukichungulia. Mimi nilikuwa chumbani na mdogo wangu, dirisha likitazama mahema, kazi yangu ikiwa kumfunga umushanana, lile vazi la sherehe la kufungwa begani, na kuonekana mtulivu. Wageni walichelewa kama kawaida, na kwa mara ya kwanza maishani niliwalaani. Hatimaye mwalimu akasimama akasema wametoka mbali kutafuta mke. Baba mdogo akasema hapa hakuna msichana. Mwalimu akasema wamemwona dirishani. Baba mdogo akasema basi ni wenu, mchukueni. Yakapigwa makofi ambayo sijawahi kuyasikia kwenye gusaba yoyote, na watu wakaanza kugeuza viti kuelekea skrini.

Nilikuwa na pini mdomoni. Mdogo wangu aliutoa mkono wangu kiunoni mwake, akakaa kitandani na kuuliza kama wamemaliza. Nikamwambia wamemaliza, hongera.

"Mimi siko natoka," akasema. "Hata mbuzi ya sokoni Nyabugogo, watu wanaibishania kwanza. Ambia baba mdogo waanze upya."

Nilimkasirikia. Nilimtajia wageni, nikamtajia chakula kinachopoa, nikamtajia mama na presha yake. Nilitaja kila kitu isipokuwa fainali. Alinitazama tu shingoni, ambako ukosi wa jezi yangu ulikuwa umetokeza nje ya nguo ya sherehe. Niliusukuma ukosi ndani kwa aibu.

Nilitoka nikamnong'oneza baba mdogo. Wachezaji walikuwa wameshaingia uwanjani, na yeye alikuwa na simu mkononi, akisoma kikosi. Aliiangalia skrini kwa muda, kama mtu anayeagana na ndugu kituoni. Kisha akamwambia fundi wa mitambo aizime, akashika fimbo yake na kusimama.

Alisema, kwa kile Kinyarwanda chake kizito cha sherehe, kwamba aliyewapa msichana hakuwa yeye bali njaa yake, na kwamba anamrudisha ndani. Watu walicheka. Walipomwona anatia simu mfukoni, waliacha kucheka. Aliuliza wanamtaka yupi hasa. Mwalimu akasema wanamtaka mzuri, mwenye heshima na mchapakazi. Baba mdogo akasema wa namna hiyo wamejaa sokoni, waende wakachague.

Maneno yote ya mwalimu yaliishia kwenye makubaliano ya Gitega. Na kwa desturi bwana harusi hasemi. Basi mzee wa watu akainama, kijana akamnong'oneza, mzee akainuka akatangaza. Wanamtaka yule anayecheka kabla ya kumaliza hadithi, kiasi kwamba hakuna aliyewahi kusikia mwisho wa hata moja. Baba mdogo akasema bado hajamtambua. Mwalimu akainama tena. Wanamtaka yule anayempeleka mama wa kijana kliniki, kisha anadai alikuwa anapita tu. Bado. Wanamtaka yule anayetia chumvi, anasahau, anatia tena, na kijana anakula mpaka anaramba sahani.

Nilikuwa nimerudi dirishani. Nimemjua mdogo wangu tangu azaliwe, na katika hayo nililolijua lilikuwa la chumvi peke yake. Yeye alisimama kando yangu nyuma ya pazia, kiganja mdomoni.

Hapo ndipo Kimironko ilipolipuka. Goli. Kelele zilitoka kila baa kwa mpigo mmoja, na haikuwezekana kujua ni la nani. Shingo zote kwenye mahema mawili ziligeuka, simu zikatoka, mtu akaangusha chupa. Mwalimu alikatika katikati ya neno, uso umeelekea barabarani. Sitadanganya: nilitaka kujua kwa mwili mzima.

Baba mdogo hakugeuka. Aliigonga fimbo yake chini, akaacha Kinyarwanda cha sherehe, akasema kwa Kiswahili chetu cha nyumbani:

"Endelea, mwalimu. Ulifika kwa chumvi."

Pembeni yangu nikasikia kitambaa kikikung'utwa. Mdogo wangu alikuwa ameanza kujifunga umushanana wake mwenyewe.