Alama ya Kichwa Ukutani

Siku ya kwanza kazini nilivaa suruali ya kaka yangu na juu yake nikajifunga kanga, maana nilitoka nyumbani Mpapura kwa miguu kulifuata gari la mjini na sikutaka watu wa kwetu wapate la kusema kabla sijaanza hata kazi yenyewe. Nilipofika geti la kampuni ya rangi, pale mjini Mtwara karibu na bandari, nikaivua kanga nikaitia kwenye kapu. Vibarua wanaume walikuwa wamekaa juu ya matofali wanakunywa chai. Mmoja akasema, "Shemeji, mumeo anajua umemchukulia suruali?"

Nikamwambia mume sina, suruali ni ya kaka, na kaka ananipenda, wewe nani anakupa hata soksi. Wenzake walicheka mpaka chai ikamwagika. Tangu siku hiyo nikaitwa Suruali, na wapo wazee mjini mpaka leo ambao jina langu jingine hawalijui. Huyo aliyenitania nitamrudia mwishoni. Msimsahau.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo mtakaosoma mnivumilie. Naandika kwa sababu vijana wanaopaka rangi siku hizi huniuliza tulikuwa tunafanyaje. Kwanza, mimi sikuanzia kwenye brashi. Nilianzia kwenye udongo. Mama yangu alikuwa mtu wa kuitwa kila nyumba mpya ikisimama, akandike ukuta kwa viganja, kisha apake udongo mweupe juu na mwekundu chini, pale matone ya mvua yanaporukia. Alikuwa na mchoro wake wa vidole vitatu kuzunguka dirisha. Watu wakipita walisema hapa kapita fulani. Mkono wangu nimeutoa kwake.

Bosi wetu alikuwa Msimamizi wa Majengo. Mtu wa bara huyo, mkristo, mpole, na kila siku ya Mungu alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, kwenye kazi ya rangi. Sikuwahi kuona tone juu yake. Siku ile ya kwanza alinipa brashi nipake mlango wa stoo, akarudi baadaye akanitazama mimi kabla ya kuutazama mlango. Nilikuwa na rangi mpaka kwenye nyusi.

"Suruali," akasema, maana jina lilishamfikia, "rangi inakaa ukutani. Ikikaa kwako, ukuta umepunjwa."

Yeye ndiye aliyenifundisha kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole kabla ya kuugusa kwa brashi. Lipu nzima inajibu kama jiwe; lipu iliyoachia tofali inajibu kama debe, na hiyo ubandue, usiipake. Akanifundisha pia madoa. Siku moja tulikuwa kwenye ofisi moja pale bandarini, kuna doa limetoka ukutani, akaniambia, "Lamba."

"Nilambe nini, bwana?"

"Ukuta. Unafikiri nitakuambia ulambe nini?"

Nikalamba. Chumvi. Akasema ndiyo, hawa waliujenga kwa mchanga wa pwani, ukuta utatoka jasho la chumvi miaka yote. Doa la chumvi unalijua kwa ulimi. Doa la maji ya chini halina ladha, lakini lina ubaridi na linapanda kutoka sakafuni. La tatu ni doa la mafuta, na hilo rangi ya maji hailiwezi, hata upige mikono kumi. Sisi tunasema mkono, yaani kuupaka ukuta wote mara moja, ukikauka unapiga mkono wa pili. Kwa doa la mafuta unaosha kwa sabuni na thina, unapiga praima ya mafuta ambayo inaziba kabisa, ndipo unarudi na rangi yako ya maji. Alisema mara moja tu. Nililishika, na siku nilipolihitaji nikajifanya nimelisahau.

Miaka mitatu nilikuwa msaidizi. Maghala, ofisi za mawakala wa mizigo, nyumba za wafanyakazi. Kuosha brashi, kushika ngazi, kupiga msasa. Kisha Msimamizi akaniita.

"Kuna sebule moja, kijiji cha kule karibu na mdomo wa Ruvuma. Harusi ni Jumamosi. Utakwenda peke yako. Sebule ikiwa safi, nakuandika fundi. Ikikushinda, utarudi kwenye ndoo ya brashi, na sitakutoa tena."

Nilifika Jumatatu. Mwenye nyumba aliitwa Bi Fatu, mjane, ametoka eda siku si nyingi. Bintiye Rukia ndiye bibi harusi. Nami sijaona sebule iliyopendwa kama ile. Kabati la vioo lenye vikombe visivyonywewa, vitambaa vya kufuma juu ya kila kitu mpaka juu ya redio, maua ya plastiki yaliyooshwa kwa sabuni, mapazia mapya yamekunjwa yakingoja. Rukia alinipa kipande cha kitambaa cha gauni lake, rangi ya maziwa iliyoingia tone la waridi.

"Dada fundi, nataka ukuta uwe hivi hivi. Nikisimama hapa nipigwe picha, watu wasijue gauni limeishia wapi."

Niliwapenda kwa hilo. Watu wengi hukuambia tu, paka nyeupe.

Ukuta wa upande wa jua la jioni ulikuwa na doa. Ukubwa wa sahani, rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa. Hilo halikunishangaza, kila nyumba ina mahali mtu anapoegemeza kichwa. Marehemu mume wa Bi Fatu alikuwa karani bandarini, na alipostaafu alirudi kukaa kwenye kiti chake pale. Alikuwa mtu wa kujipenda. Kila asubuhi nywele zinapasuliwa njia kwa kitana, zinapakwa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na asumini, kanzu inapigwa pasi hata kama haendi popote. Alikuwa na paka, akamwita Meneja, kwa sababu, Bi Fatu alinieleza, "alichoka kutumwa na mameneja, akataka naye apate meneja wa kumtuma."

Praima ya mafuta sikuwa nimebeba. Ningetakiwa kutuma mjini siku ileile. Lakini nilifikiri Msimamizi ataona Suruali hata kufunga mzigo wake hajui. Nikaosha kwa sabuni, nikapiga mkono wa kwanza. Jumanne asubuhi doa limerudi. Nikapiga mkono wa pili. Jumatano asubuhi limerudi tena, na safari hii nilipopitisha kidole, kidole kiliteleza.

Hapo nikashtuka. Doa la zamani linatokeza rangi yake, lakini ni kavu. Hili lilikuwa bichi. Nikalamba. Nazi na asumini. Mwenye kichwa yuko kaburini zaidi ya miezi minne.

Nikamfuata Bi Fatu jikoni, anapepeta mchele wa harusi. "Mama, kuna mtu anaegemea pale? Au kuna aliyepaka mafuta?"

"Nani? Mimi asumini inanipa mafua. Chupa yake alichukua mpwa wake siku ya arobaini." Akaendelea kupepeta. "Limerudi?"

"Limerudi."

"Haya," akasema, kama mtu aliyeambiwa mgeni wake amefika salama.

Jumatano hiyo hiyo, baada ya alasiri, jua limeingia sebuleni na watu wote wa nyumba wamo humo wakikunja mapazia, Meneja aliingia. Paka mkubwa, wa kijivu, sikio moja limekatika. Alikwenda moja kwa moja mpaka chini ya doa, mahali kiti kilipokuwa zamani. Kiti chenyewe kilikuwa kimehamishiwa chumbani. Akakaa, akainua kidevu, akafumba macho. Kisha akageuza shavu la pili. Akatoa shingo, akaanza kukoroma kile kikoromo cha raha. Mnajua paka anavyofanya vidole vikimkuna chini ya taya, ngozi inavyojikunja na manyoya yanavyolala upande? Manyoya yake yalilala upande. Mkono haukuwepo.

Baadaye paka alifumbua macho, akatazama juu kufuatisha kitu kinachoinuka, akakifuatisha kwa macho mpaka mlangoni, akaenda zake jikoni kuomba dagaa.

Rukia akaliweka pazia chini. "Wakwe watakaa ukuta huu huu. Wakiona hivi, watasema nyumba ina mambo, hata mume sitakaa naye kwa amani. Dada fundi, nakuomba, liondoe."

Bi Fatu akasema, "Anamkuna paka tu. Kamdhuru nani?"

"Mama, mimi ndiye ninayeolewa."

Bi Fatu akaendelea na pazia lake. Nami, niseme kweli, sikumfikiria mama wala binti. Niliiona ndoo ya brashi. Jioni ile nikatuma ujumbe na gari la mzigo liendalo mjini, Alhamisi likarudi na kopo la praima.

Niliifanya kazi ile kama nilivyofundishwa. Nikaosha kwa sabuni, nikafuta kwa thina mpaka chumba kikalevya, nikapiga msasa, nikapiga praima mikono miwili. Wakati brashi inapita juu ya doa mara ya mwisho, ukuta ulikuwa wa moto pale tu, kama shavu la mtu mwenye homa. Nikajiambia ni jua. Jua lilikuwa halijafika upande ule. Nikaendelea kupaka.

Ijumaa ukuta ulikuwa safi. Nilikibandika kile kipande cha kitambaa ukutani, Rukia akakitafuta kwa macho asikione, akanikumbatia na rangi yangu yote. Alasiri Meneja aliingia. Akakaa mahali pake, akainua kidevu, akafumba macho, akangoja. Alingoja muda mrefu. Akaukwaruza ukuta kidogo kwa kucha, mara moja, kama mtu anayebisha hodi. Kisha akatoka nje, akazunguka nyumba.

Bi Fatu alikuwa dirishani. "Njoo," akaniambia.

Nikaenda. Nje, upande wa pili wa ukuta uleule, penye mchanga na vifuu vya nazi, paka alikuwa amekaa. Kidevu juu. Shavu hili, kisha shavu lile. Manyoya yamelala upande.

"Umemfungia nje, mwanangu," akasema Bi Fatu. Hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu angekuwa nayo.

Harusi ilikuwa nzuri. Mashangazi wa bwana harusi waliusifu ukuta, wakauliza fundi ni nani, wakaoneshwa mwanamke mwenye suruali, wakauliza tena. Msimamizi alikuja na shati lake jeupe, akapitisha kiganja ukuta mzima, akagonga, akanitazama. Sikuwa na tone hata moja mwilini.

"Leo wewe ni fundi," akasema, akatoa daftari mfukoni akaandika pale pale. Nilikuwa nimelisubiri neno hilo miaka mitatu. Nililipokea nikiwa nasikia kikoromo cha paka nyuma ya ukuta, na nikamwomba Mungu Msimamizi asikisikie.

Masika yalipoanza, Bi Fatu akaniletea ujumbe. Nikaenda kwa hiari yangu. Meneja alikuwa nje, ameloa, hataki kuingia.

"Kwangua," Bi Fatu akaniambia. "Rukia yuko kwa mumewe. Nyumba ni yangu sasa. Kwangua, aingie ndani, mvua hii."

Nilikwangua waridi, nikakwangua praima, nikafika kwenye lipu yenyewe, vumbi likatujaa sote wawili. Lipu ilikuwa nyeupe na baridi. Nililamba. Chumvi kidogo, basi. Kuondoa nilikuwa nimefundishwa vizuri mno. Kurudisha hakuna aliyewahi kunifundisha, wala sijasikia kwamba yuko anayefundisha.

Bi Fatu alitazama muda, akasema, "Basi, nisaidie kiti." Tukakitoa chumbani, tukakiweka nje, kimeegemea ukuta, chini ya upenu aliokuwa ameuagizia makuti. Paka akasogea upande kukipisha.

Nilipaka nyumba nyingi baada ya hapo. Za wakubwa wa serikali, za walimu, moja ya mzungu wa gesi aliyetaka rangi nyeusi chooni. Msimamizi alistaafu akarudi kwao bara, akanipa mimi nafasi yake na ule mtindo wa shati. Nikawa navaa suruali nyeupe. Miaka mingi baadaye nilipita kijiji kile kwa kazi nyingine. Meneja alikuwa amekufa zamani, Bi Fatu haoni vizuri. Ukuta wa nje ulikuwa wa chokaa tupu. Juu ya kiti, kimo cha kichwa cha mtu mrefu aliyekaa, palikuwa na doa, ukubwa wa kisosi, rangi ya chai. Nilisimama karibu nalo mpaka pumzi yangu ikaugusa ukuta. Sikulilamba. Bi Fatu alikuwa chini pembeni, anachambua choroko, anacheka peke yake kama mtu anayesimuliwa jambo.

Magoti yaliponikatalia ngazi, niliacha kazi, nikarudi Mpapura. Nilisema nitamrudia yule kibarua aliyenitania suruali. Nilimwoa, au yeye alinioa, tulibishana hilo maisha yetu yote. Ametangulia kaburini mwaka juzi. Jioni alikuwa akikaa kwenye benchi la sebuleni, kichwa ukutani, mafuta ya nazi matupu yasiyo na harufu ya urembo, kwa sababu alisema yeye si mtu wa majivuno. Pale kichwa kilipokuwa kuna doa. Asubuhi nikipita nalipitishia kidole. Huteleza.

Juzi binti yangu amekuja na makopo. Korosho zimemwendea vizuri, anataka nyumba ya mama ipendeze, amechagua rangi ya kijani ya jani changa na mapazia ya kufanana. Kati ya makopo lilikuwemo la praima ya mafuta, maana nilimfundisha mwenyewe. Nikalichukua nikaliweka uvunguni.

"Mama, pale kwenye benchi bila hii doa litarudi."

"Najua, mwanangu," nikamwambia. "Pale piga ya maji."